Kilichowahi Kutokea Hapo

Ganako, Karatu
14 Januari 2025

Mpendwa Nashipai,

Nashika kalamu kama vile bado tuko bwenini, wewe kitanda cha juu na mimi cha chini. Nifanyeje? Simu ya mumeo, Shemeji Supeet, haipatikani tangu mwaka jana, na wewe hutaki kununua ya kwako. Basi Naftali, yule dereva anayepeleka unga na sukari huko kwenu, amekubali kubeba barua zetu hadi dukani kwa Ngoyai kila siku ya mnada. Huyo ndiye mtandao wetu sasa. Na ukiazima simu ya mtu, ujue namba ngeni sipokei. Matapeli wa "ile hela tuma kwenye namba hii" wamenichosha.

Sasa sikiliza. Kikundi chetu cha akina mama wakulima kimenipa ufunguo wa kile chumba nyuma ya ghala ili nifuge. Sifugi kuku, nafuga bakteria. Cheka umalize. Wilibrodi, mtafiti anayetufundisha, huja kutoka Arusha mara moja kwa mwezi. Anasema kwenye mizizi ya mimea inayovumilia ukame wanaishi vijidudu wema. Wanatoa ute unaoshika unyevu na wanasaidia mizizi kutawanyika. Ukiwapata, unawakuza kwenye uji wa molasi, unawapaka kwenye mbegu za maharage, na shamba linaweza kumaliza wiki mbili bila mvua lisinyauke. Mwaka jana kaya arobaini na tatu za kikundi hazikuvuna hata maharage ya mbegu. Mwaka huu tukikosa tena, kuna watoto watakaoacha shule, na wa kwangu wamo.

Naomba udongo wa kwenu. Tafuta mahali ambapo nyasi zimebaki kijani wakati kwingine kote kumekauka, chimba hadi kwenye mizizi, kilo mbili zinatosha. Kibali cha kutoa udongo hifadhini ninacho, nakala iko humu kwenye bahasha. Kuna na karatasi ya kujaza yenye mistari minne: mahali, tarehe ya kuchimba, kilichowahi kutokea hapo, na jina la aliyejaza. Huo mstari wa tatu usiuruke. Inabidi tujue kama palikuwa boma, au paliungua, au palimwagwa dawa ya kuogeshea mifugo.

Msalimie Shemeji Supeet. Mwambie bado namsubiri aje ale makande yangu bila kuuliza nyama iko wapi.

Wako,
Benedicta


Nainokanoka
22 Januari 2025

Kwako Benedicta,

Barua nimeipata. Sisi tupo. Soila ameingia darasa la nne. Ng'ombe wamekonda lakini wanainuka wenyewe asubuhi.

Udongo huo kwenye dumu. Nimechimba mwenyewe kwa jembe la kuazima. Mama mkwe aliniona pale, akauliza nachimba nini, nikamwambia dawa. Akaondoka, na siku nzima hakuongea nami.

Ni bondeni, chini ya boma letu. Kiangazi chote kipande kile kimebaki kijani peke yake. Si kikubwa, kama kitanda tu. Nimekitazama miezi mingi.

Simu iliingia maji. Karatasi nimejaza. Salamu zako nimezisoma.

Nashipai

Mahali: Bondeni, chini ya boma letu, Nainokanoka.
Tarehe ya kuchimba: 20 Januari 2025.
Kilichowahi kutokea hapo: Hakuna.
Jina la aliyejaza: Nashipai.


Ganako
6 Februari 2025

Nashipai wewe!

Ungekuwa karibu ningekubeba mgongoni nizunguke nawe ghala zima. Udongo wako una maisha ambayo sijayaona tangu nianze kazi hii.

Ngoja nikueleze. Nauchanganya na maji, naupasha moto digrii themanini kwa dakika kumi. Dhaifu wote wanakufa, wagumu wanabaki. Udongo wa Ganako ukiupasha hivyo, wanabaki wachache wa kuhesabu. Wa kwako wamejaa visahani vyote vya kuoteshea! Kuna wanaoota laini kama tone la maziwa, na kuna wengine weupe, kingo zao zimetimka kama nywele za mtu aliyeamka sasa hivi. Nimewachanganya wote, nikapaka mbegu, nikapanda kwenye makopo, nikanyima maji. Siku ya kumi na moja leo na maharage yamesimama. Yale yasiyopakwa yameshalala chini.

Cresensia, mama mkwe wangu, unamjua alivyo mgumu kuamini. Amekuja kuyagusa majani kwa kidole, akasema "haya." Kwake hiyo ni sherehe.

Kwa hiyo tumepanga. Jumamosi tarehe 8 Machi wanawake wote wa kikundi watakuja na mabeseni, tutapaka mbegu pamoja kwa mikono, na mvua ikianza tunapanda. Glovu ziliisha Januari lakini sabuni ipo.

Sasa nikugombeze kidogo. Nimempigia Wilibrodi kumsomea karatasi yako, naye ameng'ang'ania mstari wa tatu. "Hakuna" si jibu. Ardhi haiwezi kuwa kijani peke yake bila sababu. Palikuwa na nini? Zizi? Mwulize Shemeji, wanaume wa kwenu wanakumbuka hata ng'ombe wa babu zao walilala wapi. Na mwambie nimeudhika, barua ya pili hii tangu mwaka uanze na hajanirudishia hata salamu moja.

Msalimie hivyo hivyo, mkaidi huyo.

Benedicta


Nainokanoka
12 Februari 2025

Benedicta,

Nimefurahi maharage yako yamesimama. Nilitaka sana yasimame.

Palikuwa na ng'ombe. Mwandikie hivyo Wilibrodi.

Nina maswali, nijibu hata kama ni ya kijinga. Hao bakteria wanaostahimili moto wanaishi muda gani kwenye udongo? Wanahitaji nyama ili waishi? Wanaweza kumwingia mtu?

Nawa mikono vizuri, kwa sabuni, hadi kwenye viwiko. Watoto wasiguse.

Nashipai


Ganako
26 Februari 2025

Nashipai,

Nimeisoma barua yako mara tatu na bado sijakuelewa. Nakuuliza mahali, unaniuliza nyama. Maswali yako nitayajibu: wanaishi muda mrefu sana, wanajikunja ndani ya ganda wanalala hata miaka arobaini wakisubiri. Nyama hawahitaji. Na hawa ni marafiki wa mimea, watamwingia mtu kutafuta nini?

Sasa niseme ninachofikiri. Nafikiri kuna mtu huko anakuzuia kuzungumza. Labda Shemeji anaona nimekuja kuchukua mali ya kwenu kwa mlango wa nyuma, ndiyo maana hata salamu hanirudishii. Kama ni hivyo, aandike yeye mwenyewe tuongee. Sisi Wairaqw na ninyi tumepigania malisho tangu enzi za mababu, lakini mimi na wewe tulikula ugali sahani moja miaka minne, na sikutegemea kunyimwa mstari mmoja wa karatasi. Nimeumia, sikufichi.

Huku maandalizi yamepamba moto. Debe kumi na nne za mbegu zimeshachambuliwa. Uji wa bakteria umejaa ndoo mbili. Mawingu yameanza kujikusanya upande wa Oldeani, kwa hiyo huenda tukasogeza siku ya kupaka mbegu, tusingoje tarehe nane.

Mkono wangu tu ndio unanisumbua, na wala haunisumbui kwa maumivu. Nilijikwaruza na bati la kopo, kikatoka kipele kama cha mbu. Leo siku ya tatu, kimevimba pembeni na katikati kimekuwa cheusi kabisa, lakini hakiumi hata nikikibonyeza. Cresensia anasema ni buibui. Nimepaka mafuta ya taa.

Msalimie Shemeji Supeet, ingawa wiki hii sijui kama anastahili.

Benedicta


Nainokanoka
5 Machi 2025, saa saba mchana

Benedicta,

Usimalize barua hii. Nenda hospitali sasa hivi, waambie kidonda chako ni kimeta na wasikuruhusu uondoke. Funga kile chumba. Mbegu zisiguswe na mtu yeyote. Ukishalala kitandani na dawa imeingia mwilini, ndipo usome yanayofuata.

Barua yako imekaa kwa Naftali siku saba ikingoja mnada. Nimeipokea leo. Tarehe 26 kidonda kilikuwa na siku tatu, kwa hiyo leo ni siku ya kumi. Nimehesabu kwa vidole, kisha nikahesabu tena. Sijui kama nakuandikia ukiwa mzima.

Nimeazima simu ya Ngoyai nikapanda hadi kwenye mwinuko wenye mtandao. Vocha zimeisha dukani, salio lake halikutosha kupiga wala meseji, linatosha kubipu tu. Nimekubipu mara tano. Nilijua hutapokea, ulishaniambia. Nimeshuka kwa kukimbia. Naftali amekubali kuondoka kabla mnada haujaisha, yuko kwenye gari ananisubiri, na mimi naandika juu ya gunia la sukari.

Mwaka jana mwezi wa tano, ng'ombe wetu mwekundu alianguka pale bondeni akafa. Damu ilimtoka puani, nyeusi, haikuganda. Mume wangu alimchuna palepale. Damu yote ilimwagika pale. Alikuwa na mkwaruzo kwenye kidole. Kikatoka kipele, hakiumi, katikati cheusi. Alikicheka kama unavyokicheka wewe. Siku ya tisa tulimbeba kumpeleka hospitali ya Endulen na hatukufika naye.

Wazee walikaa. Lekishon, mkubwa wao, akasema tukitaja ugonjwa mnada utafungwa, watoto watakosa unga. Tukanyamaza. Baadaye akaja daktari wa mifugo, akaeleza kimeta, ule ugonjwa wa ng'ombe unaoua na watu, mbele ya mkutano, na kila alichoeleza nilikuwa nimekiona kwenye mkono wa mume wangu. Nikanyamaza tena.

Utaniuliza kwa nini nilichimba pale. Nilidhani ugonjwa unakaa kwenye nyama, na nyama ilikuwa imekwisha. Niliona pamekuwa kijani kuliko popote, nikasema ardhi hii imemchukua mtu wangu, sasa nayo itoe kitu. Nilitaka pale pawe na faida kwa watu. Uliponiandikia kuhusu wale wanaobaki baada ya moto, nikaanza kuogopa, lakini niliogopa kwa maswali badala ya kusema. Hilo ndilo kosa langu. Kama umekufa, nimekuua mimi, si udongo.

Na sikukuambia kwamba amekufa kwa sababu kwetu jina la aliyeondoka halitajwi. Mama mkwe hamtaji. Soila hamtaji. Mtoto wa jirani aliyekuwa na jina hilo amepewa jingine. Wewe tu ndiye hukujua. Kila barua ilikuja na "msalimie Shemeji Supeet," na mimi nilikuwa naikunja karatasi ibaki sehemu ile peke yake, naisoma nikiwa kwenye zizi la ndama. Humo tu ndimo alimokuwa bado hai, na mimi sikuweza kumtoa.

Supeet amekufa, Benedicta. Nimeandika.

Naftali anapiga honi.

Nashipai


Hospitali, Karatu
13 Machi 2025

Nashipai,

Ni mimi. Mwandiko huu ni wa mkono wa kushoto, wa kulia umefungwa hadi begani. Daktari anasema ningechelewa siku mbili zaidi angekuwa anaongea na Cresensia badala yangu.

Zile bipu tano niliziona. Nikasema, matapeli hao, leo wana juhudi kweli. Nikaigeuza simu kifudifudi.

Barua zako Naftali huniachia dukani. Jumatano ile alikuja mpaka mlangoni, jasho linamtoka, akasema, "Mama, soma juu tu, usiende chini, nimeambiwa." Nilisoma nikiwa nimesimama ndani ya chumba. Tulikuwa tumesogeza siku kwa sababu ya mawingu, wanawake walikuwa waje kesho yake asubuhi. Cresensia alishavuta ndoo ya kwanza karibu na beseni na alikuwa anakunja mikono ya gauni atangulie kupaka. Nilipiga kelele ambayo sijawahi kupiga mbele ya mama mkwe, hata wakati wa kujifungua. Akakasirika, lakini akaacha.

Wilibrodi alikuja na watu waliojifunika mwili mzima. Wamethibitisha, ni wale wenye kingo zilizotimka. Wale laini walikuwa wema kweli, ndio waliosimamisha maharage yangu, lakini walikuwa wamelala kitanda kimoja na muuaji. Vyote vimeteketezwa, ndoo, visahani, mbegu zote debe kumi na nne. Wanawake wameazima mbegu kwa ndugu, wamepanda bila kitu. Mvua ikikatika, imekatika. Wilibrodi anajilaumu kwa kuniacha niendelee bila jibu la mstari wa tatu. Mimi najilaumu zaidi yake.

Nimekukasirikia. Niliapa nikipona nitakuja kwa miguu nikupige kofi. Kwetu aliyefiwa anawekwa kando, tunaita metimani, jirani hachangii naye maji wala moto mpaka siku zitimie. Ni desturi ngumu, nimeichukia maisha yangu yote, lakini angalau kila anayepita anajua mlango ule una kifo. Mlango wako ulikuwa wazi na mimi nikawa napita nikiimba. Halafu usiku ule nikakumbuka kwamba nilimwita mkaidi. Nililia mpaka nesi akadhani ni mkono.

Sasa nakuomba kitu kigumu. Watu wa mifugo wako tayari kuja kuchanja ng'ombe na kuteketeza pale mahali, lakini karatasi waliyonayo imeandikwa "hakuna," na bonde lenu ni refu. Nakutumia karatasi nyingine. Najua Lekishon atafoka, na najua mama mkwe wako atasikia jina. Sikulazimishi. Ila Soila anapita bondeni kila asubuhi akienda shule, na mwaka huu nyasi pale ni nzuri.

Nimefika mwisho, na mkono wangu umeandika wenyewe "Msalimie She." Nimekata.

Benedicta


Nainokanoka
19 Machi 2025

Benedicta,

Kofi lako nalisubiri. Njoo ulilete mwenyewe.

Lekishon alikuja na wazee wawili. Nilimwambia mnada ukifungwa utafunguliwa. Akasema mwanamke hawezi kufumbua kinachofumbwa na wazee. Ndipo mama mkwe akatoka ndani. Miezi kumi hajamtaja. Alisimama mbele yao akasema jina la mwanawe mara moja, kwa sauti, kisha akawaambia waende. Wakaenda. Watarudi, lakini karatasi itakuwa imeshapita geti la hifadhi kwenye gari la Naftali.

Mahali penyewe nimepazungushia miiba. Soila anapita njia ya juu.

Ile salamu usiikate. Iandike mpaka mwisho. Nitaipokea mimi.

Nashipai

Mahali: Bondeni, chini ya boma letu, Nainokanoka. Hatua mia mbili na kumi kutoka mlango wa zizi, palipozungushiwa miiba.
Tarehe ya kuchimba: 20 Januari 2025.
Kilichowahi kutokea hapo: Tarehe 19 Mei 2024 ng'ombe mwekundu alikufa kwa kimeta. Alichunwa hapa na mume wangu, Supeet, aliyekuwa na umri wa miaka thelathini na nane, akafa siku ya tisa tangu aote kidonda. Mwanzo niliandika hakuna.
Jina la aliyejaza: Nashipai, mke wa Supeet.